Ini la Panya wa Louvain, Ini la Mtu wa Kyela

Kwa miaka mingi, siku ya kingatiba ilipowadia katika vijiji vya Kyela, kuanzia Ipinda na Ngonga hadi Matema chini ya Milima ya Livingstone, mgawa dawa alifika na daftari, makopo ya vidonge na kijiti kirefu chenye alama. Mtu alisimama wima kando ya kijiti, urefu wake ukasomwa, akahesabiwa vidonge vya ivermektini kulingana na alama aliyofikia. Akaongezewa kidonge kimoja cha albendazoli, akameza papo hapo, jina likaandikwa. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano hawakupewa. Baada ya hapo kila mtu alirudi kwenye shughuli zake: mpunga, kakao, nyavu.

Dawa hizo zilikuwa na kazi kubwa. Ukanda huu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa una joto, mvua nyingi na maji yaliyotuama, na mbu wake walikuwa wakisambaza minyoo ya matende na mabusha kwa kiwango cha kutisha. Watafiti wa kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wakishirikiana na wenzao wa Munich, Ujerumani, walipowapima watu wa Kyela walikuta takriban theluthi moja wana minyoo hiyo mwilini. Mwaka 2016 walichapisha katika jarida la Lancet jambo lililowashtua wengi: mtu mwenye minyoo hiyo alikuwa na hatari ya kuambukizwa VVU karibu mara mbili ya asiye nayo. Juu ya hayo kulikuwa na usubi, ugonjwa wa inzi wadogo wanaozaliana kwenye mito inayoteremka kwa kasi kutoka Rungwe. Kidonge kilistahili kila hatua ya mguu aliyotembea mgawa dawa.

Lakini kidonge kile cha albendazoli, kwa namna kilivyotoka kwenye kopo, si kitu kinachowafikia minyoo waliojificha ndani ya mwili. Kikishayeyuka tumboni, sehemu ndogo hupenya ukuta wa utumbo na kusafiri kwa mshipa mkubwa moja kwa moja hadi kwenye ini. Huko hukutana na vimeng'enya vinavyobandika atomu moja ya oksijeni juu ya salfa iliyomo katika dawa. Kinachotoka upande wa pili wa ini ni albendazoli salfoksaidi, na hiyo ndiyo dawa halisi inayozunguka kwenye damu. Ukipima damu ya aliyemeza, albendazoli ya asili haionekani kwa urahisi. Ini likiendelea kidogo, likabandika atomu ya pili ya oksijeni, dawa inapoteza nguvu na hatimaye kuondoka mwilini. Kati ya atomu ya kwanza na ya pili ndimo tiba ilimo.

Tunajuaje haya? Tunajuaje kwamba ndani ya seli ya ini, kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, kuna vyumba, kuta na mafundi, kila fundi na mahali pake? Sehemu kubwa ya jibu inapatikana katika maisha ya mtu mmoja, Christian de Duve, Mbelgiji aliyetumia ujana wake na utu uzima wake akisaga maini ya panya.

De Duve alizaliwa mwaka 1917 Thames Ditton, karibu na London, kwa sababu wazazi wake walikuwa wamekimbia Vita Kuu ya Kwanza. Akakulia Antwerp, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Mwaka 1940 alikamatwa na Wajerumani akiwa jeshini, akatoroka, akarudi masomoni. Swali lililomshika lilikuwa la insulini: homoni hii inaliamuru vipi ini kuhusu sukari? Alikwenda Stockholm kujifunza kwa Hugo Theorell, kisha St. Louis, Marekani, kwa Carl na Gerty Cori, mke na mume waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Mwaka huohuo alianza kufundisha Louvain na kuanzisha maabara yake ndogo.

Alichokuwa akikitafuta ni kimeng'enya kimoja tu, glukosi-6-fosfatasi. Kazi yake ni rahisi kuieleza kwa mtu aliyekula ubwabwa wa mchele wa Kyela jioni. Wanga wa mchele unageuka sukari, ini linaihifadhi kama glaikojeni, na usiku wa manane, mlaji akiwa amelala na tumbo tupu, ini linaanza kuitoa sukari kidogo kidogo ili ubongo usizimike. Hatua ya mwisho kabisa ya kuifungulia sukari mlango iingie kwenye damu inafanywa na kimeng'enya hiki. Mtoto akizaliwa bila hicho, ini lake linavimba kwa sukari iliyokwama ndani, huku damu yake ikiishiwa. Akina Cori walilithibitisha hilo mwaka 1952.

De Duve alitaka kukisafisha kimeng'enya hicho kikae peke yake kwenye chupa. Alipotia asidi kwenye rojo la ini ili kukigandisha, kiliganda vizuri. Alipojaribu kukiyeyusha tena, kikakataa. Mtu mwingine angelaani kemikali na kubadilisha njia. Yeye alikumbuka maandiko ya Mbelgiji mwenzake, Albert Claude, aliyeonyesha huko New York kwamba chembe za ndani ya seli hugandamana namna hiyohiyo zikitiwa asidi. Labda kimeng'enya hakielei kwenye maji ya seli, akawaza. Labda kimeshikamana na kitu.

Basi akachukua mbinu ya Claude. Ini husagwa taratibu kwenye bomba la kioo lenye mchi unaolingana nalo, ndani ya maji baridi ya sukari ya miwa, ili seli zipasuke bila vilivyomo kuharibika. Rojo huzungushwa kwa kasi kwenye sentrifuji. Anayejua kupepeta mpunga kwa ungo ataelewa mara moja: vizito hutangulia kwenda zake, vyepesi hubaki. Viini vya seli hushuka kwanza. Kasi ikiongezwa hushuka mitokondria. Ikiongezwa zaidi hushuka vipande vidogo mno ambavyo Claude aliviita mikrosomu. Juu hubaki maji. Kisha kila fungu hupimwa, kimeng'enya kimoja baada ya kingine. Glukosi-6-fosfatasi ilikutwa kwenye mikrosomu.

Hapo ndipo ajali njema ilipotokea. Ili kuwa na uhakika, kundi la de Duve lilikuwa likipima pia kimeng'enya cha pembeni, fosfatasi ya asidi, ambacho hakikuwa na umuhimu wowote kwao. Desemba 1949 matokeo yalikuja ya ajabu. Ini lililosagwa kwa upole lilionyesha sehemu ndogo tu ya nguvu ya fosfatasi waliyoizoea, yapata moja ya kumi. Wakadhani wamekosea mahali. Mirija ikawekwa kwenye friji. Siku chache baadaye wakaipima upya: kimeng'enya chote kilikuwa kimerudi, kamili.

Kimeng'enya hakifufuki kwenye friji. De Duve alikataa kulipuuza jambo hilo, na huo ndio uamuzi mkubwa wa maisha yake ya kisayansi. Aliacha insulini kando, swali ambalo lilimpeleka nchi mbili na lingeweza kumpa jina kwa haraka, akafuata kimeng'enya cha pembeni. Jibu alilolipata pamoja na wenzake, akiwemo Jacques Berthet, ni kwamba fosfatasi ilikuwa imefungiwa ndani ya kifuko chenye ngozi nyembamba. Kifuko kikiwa kizima, kimeng'enya hakiwezi kukutana na kile kinachotakiwa kumeng'enywa. Kikikaa kwenye friji, ngozi inachakaa na kupasuka, na kilichomo kinatoka.

Walipoendelea kupima walikuta vimeng'enya vingine kadhaa vimefungiwa humohumo, vyote vinapenda tindikali, vyote kazi yake ni kuvunjavunja: protini, asidi za viini, sukari ndefu. Mwaka 1955 wakakipa kifuko jina, lisosomu. Mwaka huohuo Alex Novikoff alisafiri kutoka Marekani hadi Louvain, na picha za hadubini ya elektroni zikaonyesha vifuko hivyo kwa mara ya kwanza. De Duve alikuwa amekijua chombo kwa hesabu za kemia kabla jicho la mtu halijakitambua. Na miaka michache baadaye mwenzake wa Louvain, Henri-Géry Hers, akagundua kwamba watoto wenye ugonjwa wa Pompe, ambao misuli na moyo hulemewa na glaikojeni, wanakosa kimeng'enya kimoja tu cha lisosomu. Ugonjwa uliokuwa fumbo ukapata anwani.

Ziwa Nyasa linaingia kwenye habari hii kwa njia ya klorokwini. Watu wazima wa Kyela wanaikumbuka: uchungu wake mdomoni, na ule muwasho wa mwili mzima uliomfanya mgonjwa ajikune usiku kucha huku homa ikishuka. Mwaka 1974 de Duve na wenzake waliandika kuhusu dawa zinazovutwa na lisosomu, na klorokwini ilikuwa mfano wao mkuu. Dawa hiyo hupenya ngozi ya kifuko kwa urahisi ikiwa haina chaji. Ikifika ndani, kwenye tindikali, inabeba protoni, inapata chaji, na haiwezi kutoka tena. Kimelea cha malaria nacho kina mfuko wake wa tindikali ambamo kinameng'enya damu ya mtu. Klorokwini hujikusanya humo, ikazuia sumu itokanayo na damu isigeuzwe kuwa fuwele isiyo na madhara, na kimelea kinakufa kwa sumu ya chakula chake mwenyewe.

Vimelea sugu vilipata njia. Protini moja kwenye ukuta wa mfuko huo ilibadilika kidogo, ikaanza kuitoa dawa nje. Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuiacha klorokwini, mwaka 1993. Tanzania ilifuata mwaka 2001 kwa kuhamia dawa iitwayo SP, na mwaka 2006 ikachagua dawa mseto. Jambo la kushangaza ni lililotokea Malawi baada ya hapo: klorokwini ilipokaa miaka bila kutumika, vimelea sugu vilipotea, na utafiti wa Blantyre uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta dawa ile ya zamani inaponya karibu kila mtoto aliyepewa. Mabadiliko kwenye ukuta wa mfuko mmoja mdogo kupita kiasi yalipanda na kushuka kando ya ziwa hili na kuamua nani apone.

Turudi Louvain, maana de Duve hakuishia kwenye lisosomu. Fungu lilelile la sentrifuji lilikuwa na kimeng'enya kingine, yurikasi, ambacho hakikutenda kama wenzake. Kiliambatana nao kwenye kuzungushwa, lakini hakikufungiwa kwa namna ileile. Baadaye vikaonekana viwili zaidi vyenye tabia hiyo, kimojawapo ni katalasi. Kwa miaka kadhaa walitenganisha na kupima tena. Mwaka 1965 jina jipya likatolewa: peroksisomu, kifuko ambamo haidrojeni peroksaidi hutengenezwa na kuharibiwa papo hapo. Mwaka 1973 ilionekana kwamba kuna watoto wanaozaliwa bila peroksisomu kabisa kwenye ini na figo, na maisha yao huwa mafupi sana. Na mwaka 1977 Fred Opperdoes na Piet Borst, huko Amsterdam, walikuta kwamba kimelea cha malale, kinachoenezwa na mbung'o, kimefungia vimeng'enya vyake vya kuchoma sukari ndani ya kifuko cha ukoo huohuo. Opperdoes alikuja kufanya kazi Brussels, kwenye taasisi aliyoianzisha de Duve.

Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1974, mwaka uleule de Duve alipopata Tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na George Palade. Alifariki Mei 2013 akiwa na miaka 95.

Mpaka hapa ni habari ya panya. Kwa mtu wa Kyela, sehemu yenye uzito zaidi inaanzia kwenye yale mafungu ya mikrosomu alimokuta kimeng'enya chake cha kwanza. Mwaka 1958 iligunduliwa humo rangi isiyojulikana inayofyonza mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 450, na Wajapani wawili, Tsuneo Omura na Ryo Sato, wakaipa jina P450. Leo tunajua ni familia kubwa ya vimeng'enya, na sehemu kubwa ya dawa ambazo binadamu anameza hupitia mikononi mwao. Humo ndimo ivermektini inamovunjwa. Vimo pia vinavyosaidia kuigeuza albendazoli. Mikrosomu ni vipande vya kuta za ndani ya seli, na kuta zilezile zinazotoa sukari ya ubwabwa usiku ndizo zinazoamua kidonge kitakaa mwilini saa ngapi.

Na kuta hizo hazifanani kwa watu wote. Panya wa maabara wamezalishwa wafanane. Watu hawakuzalishwa hivyo. Mwaka 1996 Eleni Aklillu, mwanasayansi Mwethiopia wa Taasisi ya Karolinska huko Sweden, alionyesha na wenzake kwamba Waethiopia wengi wana nakala za ziada za jeni la kimeng'enya kiitwacho CYP2D6, hivyo baadhi yao huvunja dawa fulani kwa kasi ambayo vitabu vya Ulaya havikuitarajia. Mwaka huohuo Collen Masimirembwa alieleza aina ya jeni hilohilo iliyoenea miongoni mwa Wazimbabwe, ambayo hufanya kazi polepole. Mwaka 1999 watafiti waliopima Watanzania weusi wakakuta uwezo wao wa kuvunja dawa ya majaribio, debrisokwini, uko chini kuliko ilivyodhaniwa. Kwa hiyo tafsiri ya neno "dozi ya kawaida" ilikuwa imeandikwa kwa maini ya watu wengine.

Hili halikuwa jambo la vitabuni. Kwa miaka mingi efavirenzi ilikuwa nguzo ya dawa za kufubaza VVU nchini, na wagonjwa waliijua kwa kizunguzungu na ndoto za ajabu. Dawa hii huvunjwa hasa na CYP2B6 ya ini, na Waafrika wengi wana aina ya jeni inayokifanya kimeng'enya hicho kiwe kizito. Aklillu, pamoja na Omary Minzi, Eliford Ngaimisi, Sabina Mugusi na wengine wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, waliwapima wagonjwa Watanzania na Waethiopia waliopewa dozi ileile. Damu ya Watanzania ilikuwa na dawa nyingi zaidi. Mwaka 2012 kundi hilo lilichapisha pia utafiti kuhusu hitilafu za ini kwa wagonjwa wa Tanzania wanaotumia dawa hiyo, wenye kifua kikuu na wasio nacho. Mama aliyesema kidonge cha usiku kinamlewesha alikuwa anasema kweli kuhusu ini lake, na sasa kuna namba zinazomuunga mkono.

Hapo ndipo thamani ya kazi kama ya de Duve inapopaswa kupimwa, na pia mpaka wake. Bila miaka ile ya kusaga na kuzungusha, hakuna ambaye angejua atafute wapi. Lakini hakuna wingi wa panya wa Louvain ambao ungeweza kumwambia daktari wa Kyela kwamba mgonjwa wake atabaki na dawa nyingi zaidi kwenye damu kuliko mgonjwa wa Addis Ababa. Hilo lilihitaji mtu akae Dar es Salaam, atoe damu kwa Watanzania, aisome. Taifa linalowagawia watu wake dawa kwa mamilioni ya vidonge kila mwaka lina wajibu wa kuyajua maini yao kwa kiwango hichohicho, na fedha zinazotengwa kwa kazi hiyo bado ni haba mno.

Vijana wa kuifanya wapo. Wako kwenye madarasa ya Kyela, Ipinda na Matema, wanakariri majina ya lisosomu na peroksisomu kwa ajili ya mtihani bila kuonyeshwa kitu. Mwalimu wa baiolojia anaweza kuwaonyesha kesho asubuhi. Anunue ini la ng'ombe buchani, na dukani kwa dawa anunue haidrojeni peroksaidi ile ya kusafishia vidonda. Akitia kipande cha ini kwenye glasi yenye dawa hiyo, povu litapanda papo hapo: ni katalasi ya kwenye peroksisomu inaivunja dawa kuwa maji na oksijeni, mamilioni ya molekuli kwa sekunde kwa kila kimeng'enya. Akiingiza juu ya povu kijiti chenye kaa, kaa litawaka upya. Achemshe kipande kingine, akitie kwenye glasi ya pili, hakuna povu. Kisha awaachie wanafunzi waulize kwa nini, na asiwajibu haraka.

Walimu wakuu na wazazi wanaombwa wasilione jaribio hili kuwa ni gharama. Nusu kilo ya ini na chupa chache za dawa ya vidonda zinatosha darasa zima.